Mashine Laini: Zimefika Wapi na Zinakwama Wapi

Silikoni, maada inayotengenezewa chipu za kompyuta na simu, ina ugumu unaouzidi ule wa ubongo wa binadamu kwa takriban mara milioni mia moja. Ngozi ina ukakamavu zaidi kuliko ubongo, lakini nayo iko mbali mno na silikoni, kioo na shaba. Mwili hautulii. Moyo hupiga mara laki moja hivi kwa siku, kifua hupanda na kushuka, ngozi ya kiwiko hutanuka na kujikunja kila mtu anapoinua mkono. Kwa hiyo kila tunapotaka mashine ikae mwilini, isikilize moyo, isaidie mkono uliopooza au iokote embe bivu bila kulichubua, tunakutanisha vitu viwili visivyopatana kwa asili.

Utafiti wa elektroniki na roboti laini ulizaliwa kutokana na tatizo hilo. Leo una majarida yake, mikutano yake na maabara zake katika Japani, Marekani, China na Ulaya. Habari zake hutufikia vipande vipande: leo roboti yenye umbo la pweza, kesho simu inayokunjika, keshokutwa plasta inayopima mapigo ya moyo. Habari hizo zinasisimua, lakini hazimwonyeshi msomaji picha nzima: kazi hii imefanikiwa wapi, imekwama wapi, na kwa nini hukwama palepale. Jibu langu ni kwamba kulainisha maada si kikwazo kikubwa tena. Kikwazo kimehamia mpakani: pale kitu laini kinapounganishwa na kigumu, pale mashine inapogusana na mwili, na pale kifaa kinapotoka maabara kuingia wodini. Mipaka hiyo mitatu ndiyo itakayoamua kama fani hii itawafaa watu wengi au itabaki maonyesho ya wachache.

Njia mbili za kulainisha saketi

Hadi miaka ya 1970 iliaminika kwamba plastiki haipitishi umeme. Ndiyo maana nyaya za nyumbani huvikwa plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa wa Japani, akishirikiana na Alan MacDiarmid na Alan Heeger wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alionyesha kwamba polima iitwayo poliasetilini, ikifukizwa kwa mvuke wa iodini, hupitisha umeme mamilioni ya mara zaidi kuliko ilivyokuwa awali. Mwaka 2000 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Tangu hapo wanakemia wamekuwa wakitafuta maada za kaboni zinazoweza kufanya kazi ya transista, za kutoa mwanga na za kuhisi mguso. Skrini za OLED zilizomo katika simu nyingi za leo ni za ukoo huo.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza: kubadili maada yenyewe. Anayetajwa sana katika njia hii ni Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiunda ngozi bandia. Mwaka 2018 kundi lake lilichapisha matokeo ya safu ya transista zinazovutika, 347 katika kila sentimita moja ya mraba. Ni mafanikio makubwa kwa fani hii. Hata hivyo, chipu ya simu ya kisasa ya mwaka huohuo ilikuwa na transista mabilioni katika eneo lisilofika sentimita moja ya mraba. Polima hupitisha umeme polepole zaidi, na nyingi huchakaa zikipatwa na oksijeni na unyevu. Anayechagua maada laini hununua ulaini kwa kulipa kasi na uimara.

Njia ya pili huiacha maada ilivyo na kubadili umbo lake. Kanuni yake kila fundi seremala anaijua kwa mikono: ubao ukiukunja huvunjika, lakini randa ikipita juu ya ubao huohuo, maranda yanayotoka hujiviringa bila kukatika. Mti ni uleule, kilichopungua ni unene. Wahandisi huieleza kwa hesabu: bamba likipunguzwa unene kwa nusu, nguvu inayohitajika kulikunja hushuka hadi moja ya nane. Silikoni iliyoparwa hadi chini ya mikromita moja huacha kuwa kitu cha kuvunjika na kuwa kitu cha kukunjika.

Kukunjika, hata hivyo, si kuvutika. Hatua hiyo ilipigwa mwaka 2006 na John Rogers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na wenzake. Walichukua utepe mwembamba wa silikoni, wakaubandika juu ya mpira uliokuwa umevutwa, kisha wakauachia mpira. Mpira uliporudi katika urefu wake wa awali, utepe ulijikunja kuwa mawimbi madogo. Kuanzia hapo mpira ukivutwa, mawimbi hunyooka, na silikoni yenyewe huvutwa kidogo mno. Mwaka 2011 kundi la Rogers lilionyesha saketi nyembamba kiasi cha kushikilia ngozi bila gundi, ikasoma umeme wa moyo, wa misuli na wa ubongo. Naye Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo alitoa mwaka 2013 saketi yenye unene wa mikromita 2 tu, msingi wake ukiwemo. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hiyo mara ishirini au zaidi. Mita nzima ya mraba ya saketi hiyo ina uzito wa gramu 3.

Kati ya njia hizo mbili imezuka ya tatu, ya metali majimaji. Mchanganyiko wa galiamu na indiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 16 hivi, kwa hiyo katika chumba cha kawaida ni kimiminika. Ukimiminwa ndani ya vijia vya mpira huwa waya unaoweza kuvutwa na kurudi bila kukatika, maana kimiminika hakina cha kukatika. Michael Dickey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina amefanya kazi kubwa kuonyesha jinsi utando mwembamba wa oksidi unaojitengeneza juu ya metali hiyo unavyoisaidia kushika umbo.

Ukiziweka pamoja, unaona kwamba hakuna njia iliyoshinda. Mwaka 2021 kampuni za Arm na PragmatIC zilitangaza prosesa iliyojengwa juu ya plastiki, yenye milango ya mantiki zaidi ya 18,000, inayofanya kazi kwa kilohezi 29. Chipu za simu huhesabiwa kwa gigahezi, yaani zina kasi ya maelfu kwa maelfu ya mara. Plastiki hiyo haitaendesha simu, lakini inaweza kufaa lebo ya chakula au bendeji, ambako kinachohitajika ni bei ndogo na si kasi kubwa. Kwa kazi nzito zaidi, wahandisi wengi wameafikiana na mpango wa visiwa na madaraja: chipu ndogo ngumu zibaki visiwa, na nyaya laini zilizopindapinda ziwe madaraja kati yake. Ulaini wa leo, kwa sehemu kubwa, ni mpangilio mzuri wa vitu vigumu.

Misuli ya hewa na mikono ya pweza

Upande wa roboti una historia yake. Roboti ya kiwandani iliyojengwa kwa chuma ina nguvu, kasi na usahihi, na kwa sababu hizohizo hufungiwa ndani ya uzio, maana mkono wake ukimkuta mtu njiani unaweza kumwua. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia Mmarekani Joseph McKibben, ambaye binti yake aliugua polio, alishughulikia msuli bandia uliofanywa kwa mrija wa mpira ndani ya wavu uliofumwa. Hewa ikiingia, mrija hutanuka kwa upana na kufupika kwa urefu, na kufupika huko ndiko kunakovuta kiungo. Misuli ya aina hiyo bado inatumika katika maabara leo.

Fani ilipata msukumo mpya mwaka 2011, pale kundi la George Whitesides wa Harvard lilipotoa roboti ya miguu minne isiyo na mfupa wala ekseli. Ilikuwa mpira mtupu wenye vijia vya hewa ndani. Kijia kimoja kikijazwa, mguu mmoja hujikunja. Vikijazwa kwa zamu, roboti hutambaa, na iliweza kujibana na kupita chini ya kioo kilichoinuliwa sentimita 2.

Huko Pisa, Italia, Cecilia Laschi wa Scuola Superiore Sant'Anna aliongoza mradi wa Ulaya ulioanza mwaka 2009 wa kujifunza kutoka kwa pweza. Watu wa pwani yetu wanaowatafuta pweza miambani wakati wa bamvua wanajua jinsi mnyama huyo anavyojipenyeza katika tundu ambalo huwezi kudhani lingemtosha. Hana mfupa, na karibu theluthi mbili ya seli zake za neva ziko mikononi, si kichwani. Somo ambalo wahandisi walilichukua ni zito: mkono wenyewe, kwa umbo na ulaini wake, hufanya sehemu ya kazi ambayo sisi tulidhani lazima ifanywe na ubongo.

Mfano mzuri zaidi wa somo hilo hauna pweza ndani yake. Mwaka 2010 watafiti wa Cornell na Chicago, pamoja na kampuni ya iRobot, walitoa mkono wa roboti usio na vidole. Ni mfuko wa mpira uliojazwa kahawa ya kusaga. Mfuko hushushwa juu ya kitu, tuseme yai. Kahawa ikiwa imelegea, chembe zake hutiririka na mfuko hulikumbatia yai pande zote. Kisha pampu hunyonya hewa iliyomo. Chembe hubanana, haziwezi tena kuteleza, na mfuko hugeuka mgumu ukiwa umeshika umbo la yai. Hewa ikirudishwa, yai linaachiwa. Mkono wa chuma wenye vidole ungehitaji kamera kulitazama yai, programu ya kukokotoa umbo lake, na vihisio vya kupima nguvu ili lisipasuke. Mfuko wa kahawa hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Kazi ya kulielewa umbo imefanywa na kahawa.

Kuna pia mahali ambapo ulaini hushinda nguvu za maumbile. Mwaka 2021 watafiti wa China walichapisha habari za roboti yenye umbo la samaki iliyopiga mapezi yake kwenye sakafu ya Bonde la Mariana katika Bahari ya Pasifiki, kina cha mita 10,900. Manowari za kawaida huhimili kina hicho kwa maganda mazito ya metali. Samaki huyo hakuwa na ganda. Wahandisi walizitawanya sehemu zake za elektroniki badala ya kuzirundika kwenye ubao mmoja, wakazizamisha ndani ya mpira, ili shinikizo la maji ligawanyike bila kuzivunja. Hata hivyo, katika kina hicho samaki alikuwa amefungwa kwenye chombo kilichomshusha. Pale alipoogelea akiwa huru, katika Bahari ya China Kusini, kina kilikuwa mita 3,224.

Uhuru ndio mtihani mgumu wa roboti hizi. Mwaka 2016 Harvard ilitoa Octobot, roboti ndogo ya umbo la pweza ambayo haikuwa na kitu kigumu hata kimoja: hakuna betri, hakuna chipu, hakuna waya. Ilitumia haidrojeni peroksaidi kama nishati. Kimiminika hicho kilipokutana na platinamu kilitoa gesi, na mtandao wa vijia vidogo uliamua mikono ipi ijae kwanza na ipi ifuate. Ilikuwa hatua ya kihistoria. Lakini iliinua na kushusha mikono yake kwa dakika chache bila kwenda popote. Roboti nyingine nyingi laini zinazotembea vizuri huburuta nyuma yake mrija wa hewa unaoishia kwenye pampu ngumu mezani, au hubeba betri ngumu mgongoni.

Ugumu mwingine uko katika kuziongoza. Mkono wa roboti wa kiwandani una viungo sita au saba, na kila kiungo kina pembe inayoweza kupimwa. Mkono laini unaweza kujikunja popote, kwa hiyo hauna idadi maalumu ya viungo vya kupima. Mpira nao hukumbuka: ukivutwa na kurudi haurudi kwa njia ileile, na ukitumika mara nyingi hulegea. Watafiti sasa hutegemea programu zinazojifunza kutokana na data, badala ya hesabu safi za zamani. Hapo maendeleo yapo, lakini ni ya taratibu.

Mpakani ndipo panapokatika

Tukizitazama habari hizi zote kwa pamoja, tunaona jambo moja likijirudia. Kitu laini kinapovutwa, nguvu husambaa ndani yake. Kinapokutana na kigumu, nguvu hujikusanya kwenye mstari wa makutano, na hapo ndipo nyaya hukatika, gundi huachia na maji huingia. Mpira wenyewe mara nyingi huwa bado mzima.

Tumeliona hilo hata sokoni. Aprili 2019, siku chache kabla ya simu ya Galaxy Fold kuanza kuuzwa, waandishi waliopewa simu hizo kuzijaribu waliripoti skrini zilizoharibika. Baadhi yao walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni ule wa kukinga skrini, na kwingine uchafu uliingia karibu na bawaba. Samsung iliahirisha mauzo hadi Septemba, ikaurefusha utando huo uingie chini ya fremu na kuziba mianya. Skrini yenyewe ilikuwa inakunjika vizuri. Kilichohitaji kurekebishwa kilikuwa ukingo na bawaba.

Tumeliona pia ndani ya mwili. Mwaka 2017 mtafiti Ellen Roche na wenzake walionyesha gamba laini linalovikwa juu ya moyo na kuuminya kufuata mapigo yake. Wazo lake ni zuri mno, kwa sababu kifaa hakigusi damu, na hivyo hatari ya damu kuganda hupungua. Kiliwasaidia nguruwe ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofishwa katika jaribio. Lakini hewa ya kukiendesha ilitoka nje ya mwili kupitia mirija, na kila mrija unaopenya ngozi ni mlango wa maambukizi. Mwaka 2024 kampuni ya Neuralink, baada ya kumwekea mgonjwa wake wa kwanza kifaa cha ubongoni, ilitangaza kwamba baadhi ya nyuzi laini zenye vihisio zilikuwa zimerudi nyuma na kutoka mahali zilipowekwa. Ubongo husogea ndani ya fuvu. Nyuzi zilikuwa laini, ila zilishikiliwa na kasha gumu lililotiwa ndani ya mfupa.

Wapo walioikabili shida hiyo kwa umakini. Mwaka 2015 Stéphanie Lacour na wenzake wa chuo kikuu cha EPFL, Uswisi, walitoa kifaa cha kuwekwa juu ya uti wa mgongo, kilichotengenezwa ili kilingane kwa ulaini na utando unaoufunika uti huo. Katika panya, kifaa hicho hakikusababisha madhara waliyoyaona kwa vifaa vigumu zaidi. Mafanikio yao hayakutokana na kutafuta kitu laini kupita vyote. Walikipima kitu walichotaka kukigusa, kisha wakakifuata.

Katika wodi ya watoto njiti

Hakuna mahali ambapo mpaka kati ya mashine na mwili una uzito kuliko kwenye kitanda cha mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watoto milioni 2.3 walifariki mwaka 2022 kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji kufuatiliwa mapigo ya moyo, pumzi, joto na oksijeni. Kwa kawaida kila kipimo kina waya wake, na kila waya una plasta yake. Ngozi ya mtoto huyo ni nyembamba, haijakomaa, na plasta ikibanduliwa inaweza kuondoka na tabaka la juu la ngozi. Hapo inabaki michubuko, makovu, na njia ya vijidudu kuingia.

Nyaya hizo zina gharama nyingine isiyoonekana kwenye mashine. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoratibiwa na WHO katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani pa mama au mlezi, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali zao zitulie. Katika kundi hilo waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, katika kundi lililofuata utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 15.7. Kifua cha mama kiliokoa maisha ya watoto ambao mazoea yangewaweka mbali naye. Sasa fikiria muuguzi mmoja mwenye watoto wengi, anayetakiwa kumhamisha mtoto kutoka kitandani hadi kifuani akiwa na nyaya tano zinazomfunga kwenye mashine. Nyaya hizo hugeuka kuwa sababu ya kumwacha pale alipo.

Kifaa kilichotolewa na kundi la Rogers mwaka 2019, likiwa tayari Chuo Kikuu cha Northwestern, kililenga hapo hasa. Kina vipande viwili. Kimoja hukaa kifuani na kusoma umeme wa moyo. Kingine huzungushwa mguuni na kumulika mwanga kwenye ngozi ili kupima oksijeni. Ndani yake mna visiwa na madaraja: chipu ndogo, nyaya za shaba zenye mapindo, na mpira laini uliozifunika zote. Kati ya kifaa na ngozi kuna jeli inayoshika kwa nguvu ndogo, kiasi cha kubanduliwa bila kuchubua. Toleo hilo la kwanza halikuwa na betri. Antena chini ya godoro ndiyo iliyolipelekea umeme na kupokea data. Kwa kuwa vipande vyote viwili hufuata saa moja, mashine hupima muda ambao pigo la moyo hutumia kusafiri kutoka kifuani hadi mguuni, na kutokana na muda huo hukadiria shinikizo la damu bila kumchoma mtoto sindano ya mshipani. Matoleo ya baadaye yalipewa betri ndogo, ili mtoto aweze kubebwa mbali na kitanda.

Jijini Nairobi, watafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan walishiriki kulinganisha vifaa vipya vya kufuatilia watoto wachanga, kikiwemo kihisio kisicho na waya kilichotokana na kazi ya kundi la Rogers, na mashine ya kawaida. Kazi ya namna hiyo haipigiwi debe, ila kwangu ina thamani kama ile ya kubuni kifaa chenyewe. Bila kulinganishwa katika wodi za kwetu, kifaa hubaki ahadi.

Ngozi ya nani?

Swali la wapi kifaa kimepimwa ni swali la usalama. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani waliopimwa oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, kinachomulika mwanga kupitia ngozi. Kifaa kilipoonyesha kiwango cha kuridhisha, damu iliyochotwa mshipani ilionyesha upungufu wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa Weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika duniani kwa miongo kadhaa. Plasta laini inayopima kwa mwanga hurithi fizikia hiyohiyo. Ulaini hauondoi upendeleo. Unaubandika tu mwilini kwa starehe zaidi.

Jasho nalo lina hoja yake. Utando wa mpira hauruhusu hewa kupita, na ngozi iliyofunikwa huwasha na kuvimba. Mwaka 2017 kundi la Someya lilijibu kwa wavu wa nyuzi nyembamba mno za dhahabu unaopitisha hewa na jasho, ambao watu waliuvaa kwa wiki moja bila kuvimba ngozi. Hiyo ndiyo aina ya utafiti tunayopaswa kuidai. Kifaa kilichofaulu katika chumba chenye kiyoyozi hakijafaulu kwa mchukuzi wa bandari ya Mombasa mwezi Februari.

Kitakachobaki baada ya matumizi

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Elektroniki laini inaweza kuzidisha hali hiyo. Simu ngumu, fundi huifungua kwa bisibisi na kutoa kilichomo. Saketi iliyozamishwa ndani ya mpira haifunguki, na mpira wa aina hiyo ukishaganda hauyeyuki tena. Vifaa vya kubandika siku chache na kutupa vitaongezeka kadiri bei inavyoshuka. Madini nayo hayako mikononi mwa wengi: karibu galiamu yote mpya duniani hutoka China, na Agosti 2023 nchi hiyo ilianza kudhibiti uuzaji wake nje.

Wapo wanaotafuta njia nyingine. Rogers alionyesha mwaka 2012 saketi zinazoyeyuka katika maji baada ya kazi, na mwaka 2021 yeye na wenzake wakatoa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kinachofyonzwa na mwili, kikajaribiwa kwa wanyama. Huko Linz, Austria, kundi la Martin Kaltenbrunner limetengeneza roboti laini kwa jelatini inayooza. Kazi hizi ni changa, ila zinauliza swali sahihi tangu mwanzo: kifaa kitaishia wapi?

Msimamo wangu

Utafiti huu unastahili kuungwa mkono, na nasema hivyo bila kusita. Umegeuza wazo la karne nzima kwamba mashine nzuri ni ile isiyotikisika. Lakini tathmini yake isitegemee tena kifaa kimevutika kwa asilimia ngapi mbele ya kamera. Iulize makutano yake na sehemu ngumu yanadumu kwa mizunguko mingapi, nishati yake inatoka wapi, kimepimwa kwa ngozi ya rangi zipi na katika joto gani, na nani atakitengeneza kikiharibika.

Maswali hayo yanatupa sisi wa Afrika Mashariki nafasi halisi. Maabara ya kupara silikoni hadi nanomita ni ghali, na nchi chache duniani zinaweza kuimudu. Kutengeneza misuli ya hewa kwa mpira na wavu hakuhitaji maabara hiyo. Chuo chochote chenye karakana kinaweza kuanza mwaka huu. Kupima vifaa kwa ngozi nyeusi, katika unyevu wa pwani, katika wodi ambayo umeme hukatika, ni utafiti ambao hakuna mwenye mahali pazuri pa kuufanya kuliko sisi. Wizara za afya zinaponunua vifaa vya kubandika mwilini, ziweke sharti katika zabuni: kionyeshwe kipimo cha usahihi kwa ngozi nyeusi, kiwepo kipuri, na mnunuzi aambiwe kifaa kikiisha kinakwenda wapi. Wahandisi wa vyuo vyetu wakae na wauguzi wa watoto njiti kabla ya kuchora chochote, kwa sababu wauguzi hao ndio wanaojua waya upi unaomzuia mama kumpakata mwanawe.

Maada laini tayari zipo. Kinachosubiriwa ni watu watakaozipima pale zinapoguswa na maisha yetu, wakatae zile zisizofaa, na wadai bora zaidi. Kazi hiyo hatuwezi kuiagiza kutoka nje.